Nani Adake Jumapili

Kilburn, London
7 Oktoba 1991

Kaka Thadei,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta nje ya duka lako la vipuri, unamgombeza mtu aliyekuletea baiskeli imejaa tope. Sisi huku ni wazima. Protas anaendelea na kazi kwenye karakana ya mabasi, na mgongo wake unaendelea na kazi yake ya kulalamika. Skola ameanza darasa jipya. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu kwa Kiingereza kama mtu wa ubalozini. Mimi niko wodi ileile ya wazee. Juzi bibi mmoja alikataa dawa mpaka nimwimbie, nikamwimbia wimbo wangu wa kipaimara, akameza.

Tangu tulipompoteza wifi yangu Placida, Februari ile, sikuwa na moyo wa kukuandikia jambo la kuchekesha. Leo ninalo, na linamhusu mwanao.

Unaijua Umoja, timu yetu ya Watanzania inayocheza Jumapili. Sasa imepata makipa wawili, na watu wazima hawasalimiani. Kipa mmoja ni Leonard wako. Wa pili ni Kamande, kijana wa Nakuru, Mkenya mtupu, ila anaishi na vijana wetu hapa Kilburn na anakula kwetu kuliko sisi wenyewe. Kocha ni Ameir, Mpemba anayeendesha basi, mtu mpole. Wiki hii anampanga huyu, wiki ijayo yule, na kila wiki anatukanwa na nusu ya mashabiki.

Upande wa Leonard mwenyekiti ni Rasik. Ni Mhindi wa Tabora, ana duka Kenton, na jezi zote katununulia yeye, kwa hiyo sauti yake ni kubwa. Jana alikuwa anapiga kelele pembeni ya uwanja: "Bwana Ameir, timu ya Tanzania golini umeweka Mkenya? Basi tubadilishe na wimbo wa taifa!" Upande wa Kamande kiongozi wake ni mume wangu. Protas akamjibu: "Rasik, mpira hauulizi pasipoti." Wakavutana hadi refa akaja kuwauliza kama wanataka kuendelea na mchezo wao au na wake.

Basi jana alidaka Leonard. Mvua ilikuwa inanyesha, akavaa kofia ya sufu. Kona ikapigwa, akatoka kuifuata, akafika katikati akasita, mpira ukampita ukakutana na kichwa cha mtu. Moja bila. Baadaye alipangua mikwaju miwili mizuri na tukasawazisha. Mechi ilipokwisha alikula sahani tatu za pilau yangu, akaosha sufuria bila kuambiwa, akapanda basi kurudi kwake Edmonton. Amekonda kidogo lakini hana ugonjwa. Anasema atakuandikia.

Mimi shangazi mtu sijatangaza upande wangu. Nisalimie wote hapo Lizaboni.

Mdogo wako,
Sesilia


Lizaboni, Songea
2 Novemba 1991

Mdogo wangu Sesilia,

Marahaba, na Mungu akuzidishie hao wazee wa kuwaimbia. Hapa hatujambo. Mvua bado, ila watu wameshaanza kutayarisha mashamba. Mbolea haionekani. Dada yetu wa Mbinga alikuja wiki iliyopita na mkungu wa ndizi, akakaa siku mbili akinifundisha kupika, akaondoka amekata tamaa.

Barua yako imesomwa kibarazani mara tatu. Ya kwanza nilisoma mimi. Ya pili aliisoma Ngonyani kinyozi, yule wa mlango wa pili, kwa kuwa haniamini. Ya tatu wateja waliochelewa waliidai. Nchi nzima inajadili vyama vingi, sisi tunajadili makipa wa Kilburn.

Nakupa msimamo wetu. Leonard adake. Huyo Rasik ni mtu mwenye akili, mpe mkono kwa niaba yangu. Kipa si mtu wa kubadilishwa kila wiki. Ukimtoa leo, kesho akirudi anadaka huku anaangalia benchi. Ngonyani peke yake ndiye anasema Kamande, lakini Ngonyani hata kwenye kipaimara cha mwanangu alikuja na zawadi ya mtoto mwingine.

Kuhusu ile kona. Mwambie Leonard kipa akitoka ametoka. Hakuna kipa wa nusu safari. Na atoke akipiga kelele, mabeki wajue mwenye mpira kafika.

Sasa nieleze vizuri, umeandika haraka. Hiyo kofia ya sufu ni yake au ameazima? Zile sahani tatu alikula kwa njaa au kwa adabu? Huko Edmonton anakaa na nani? Akishadaka mpira anacheka, au ananuna kama zamani?

Barua simdai. Najua masomo yamembana. Mwambie simdai.

Kaka yako,
Thadei


Kilburn
1 Desemba 1991

Kaka Thadei,

Shikamoo tena, na pole na mapishi. Barua yako imechukua wiki tatu na nusu, kwa hiyo mnagombana huko juu ya mechi ambayo sisi tumeshaisahau. Hapa baridi imeingia. Skola alikuwa na homa, amepona. Protas amepewa zamu za asubuhi, sasa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Habari kubwa ni kwamba Ameir ameacha kubabaika. Kamande ndiye kipa, basi. Tumecheza mechi nne, zote kashinda yeye. Kaka, laiti ungemwona! Akitoka golini anapiga kelele mpaka mbwa wa Kiingereza wanaotembezwa pembeni wanakaa chini. Jumapili ya juzi alipangua penalti kwa mguu, akainuka akaomba radhi kwa mpigaji. Chanda chema huvikwa pete. Hata Rasik amelegea, ingawa bado anasema anamuunga mkono "kwa muda".

Kwa hiyo nami natangaza: niko kwa Kamande. Usinune.

Leonard alikuwa benchi.

Nakutakia Noeli njema mapema, maana posta ya mwezi huu siiamini.

Sesilia


Lizaboni, Songea
5 Januari 1992

Sesilia,

Heri ya mwaka mpya wewe, Protas na Skola. Noeli tulikwenda Misa, watu walijaa mpaka nje. Baada ya Misa tulikwenda makaburini. Kaburi la Placida tumelijengea kabla mvua hazijakolea, na msalaba umewekwa. Fundi alikosea akauelekeza njiani badala ya kanisani, nikamwambia auache, Placida alikuwa hapendi kupitwa na habari.

Barua yako niliigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa umebaki. Ukurasa mzima umemwandika kijana wa Nakuru, mbwa, na penalti. Mwanangu umempa maneno matatu. Leonard alikuwa benchi! Benchi gani? Amevaa nini? Alikuwa na nani? Mtu anakaa benchi mechi nne hasemi kitu?

Tumepiga kura kibarazani. Tisa kwa Leonard, moja kwa Kamande, na hiyo moja unajua ni ya nani. Matokeo hayo mpelekee kocha. Mwambie Ameir hatumwingilii kazi, ila damu nzito kuliko maji. Huwezi kumtoa mtoto wa watu kutoka Songea mpaka Ulaya ukamkalisha kwenye mbao, kwenye baridi, aangalie wenzake.

Na kama ni ile kona, nimeshamsamehe. Alisita kwa sababu hana uzoefu wa mvua ya huko. Golini kwetu hakusita. Mwaka wa mtihani wa darasa la saba alidaka na kidole kimevunjika, mama yake akaja uwanjani na khanga ya kumfunga, akamfunga huku mpira unaendelea.

Mpangeni. Sisemi tena.

Thadei


Kilburn
2 Februari 1992

Kaka Thadei,

Shikamoo. Nashukuru kwa habari za kaburi. Nimemwagia machozi ukurasa ule, na pale pa msalaba nikacheka humohumo. Ni kweli hakupenda kupitwa. Jumapili ijayo nitamwombea Misa ya mwaka wake hapa parokiani, padri ameshaniandika. Skola anasema yeye atasoma somo, kwa Kiingereza chake, mtavumilia.

Sasa nisamehe, nitakujibu kama dada na si kama mdogo wako. Kaka, ukoo usiingie golini. Kura zenu tisa nilimsomea Ameir. Alikuwa anafunga njumu za Skola, maana Skola sasa naye anataka kucheza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Bi Sesilia, mwambie kakako nimezipokea kwa heshima. Lakini huyu mtoto haji mazoezini. Miye nimpange mtu nisiyemuona?"

Ni kweli. Kila Alhamisi wenzake wanakuja, yeye haji. Asiyekuwepo na lake halipo. Jumapili anakuja, anavaa jezi, anakaa mwisho wa benchi, mechi ikiisha anaondoka. Ndiyo maana nilikuandikia maneno matatu. Hakuna la nne la kuandika. Na nakwambia ukweli, nimechoka kugombana na wewe kwa stempu. Mtu anayekaa Songea akapanga timu ya London ni wewe tu duniani.

Halafu nikuulize. Mambo yote haya ya kofia na sahani na benchi unaniuliza mimi. Kwani yeye mwenyewe hakuandikii?

Mdogo wako,
Sesilia


Lizaboni, Songea
1 Machi 1992

Mdogo wangu Sesilia,

Barua hii sikuiandikia kibarazani. Nimefunga duka mchana, nimekaa ndani.

Hapana, haniandikii. Barua yake ya mwisho ilifika Januari ya mwaka jana, ilituuliza mama yake anaendeleaje na kifua. Mwezi uliofuata tukazika. Tangu hapo hakuna. Mwanzoni nilidhani posta. Halafu zako zikawa zinafika, nikajua si posta.

Sesilia, mimi huyo Kamande sina ugomvi naye. Nikisoma ulivyomwandika naona ni kipa kweli, hata mimi ningempanga. Lakini Leonard akidaka, wewe unamwandika. Unaandika amevaa kofia, amekula, ameosha sufuria, amepanda basi. Barua yako ya Oktoba nimeikunja na kuikunjua mpaka inachanika kwenye mikunjo, kwa ajili ya yale masufuria. Alipowekwa benchi sikupata kitu. Nimepoteza mke, nikaona na mtoto anaondoka taratibu, na njia ya kumwona niliyobakiwa nayo ni goli lenu hilo. Ndiyo maana nilipiga kelele.

Simuulizi kwa nini. Naogopa jibu. Pengine ananilaumu kwamba sikumsubiri tukazika, pengine amenichoka. Wewe nenda tu ukamwone, uniandikie. Hata akiwa amelala, niandikie amelala.

Ngonyani akiuliza nitasema barua hii ilikuwa ya mambo ya ukoo.

Kaka yako,
Thadei


Kilburn
29 Machi 1992

Kaka yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, sista mkuu akaingia akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hajafa mtu. Nisamehe kaka. Nilikuwa nasoma mpira, na wewe ulikuwa unaniambia jambo jingine kabisa.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Edmonton. Nilibeba maharage na chapati, na sikumwambia kwamba nakuja, maana angesema ana kazi. Anakaa kwenye nyumba moja ya hizi zilizoshikana ukuta kwa ukuta, chumba cha juu. Chumba ni safi. Kitanda kimetandikwa. Asubuhi anafanya kazi kwenye ghala la vyombo, jioni anakwenda chuo, na masomo hajaacha, nimeona vitabu vya umeme vimejaa meza. Kofia ya sufu ni yake. Anakaa na Mganda mmoja mwenye adabu. Picha ya Placida ameibandika juu ya meza, ile ya harusi ya dada wa Mbinga, amekata watu wengine wote amebaki mama yake.

Alinisongea ugali. Nikamwacha asonge, nikasema: "Leonard, baba yako anakuulizia."

"Najua, shangazi."

"Basi mwandikie."

Akageuza mwiko. Halafu akasema: "Naanzaje?"

"Unaanza kama unavyoanza siku zote."

"Siku zote nilianza 'Baba na Mama, shikamooni'. Sasa nikiandika Baba peke yake, mkono unagoma. Nikiruka hapo, linafuata 'natumaini hamjambo nyote'. Nitatumaini vipi, shangazi? Najua hawapo wote. Telegramu inanifika, mama ameshazikwa. Sikurusha hata udongo. Halafu nimuulize baba habari za nyumbani, kama mtu asiyejua?" Akapakua ugali. "Nimejaribu. Sivuki salamu."

Hakulaumu, kaka. Hajakuchoka. Kijana wako amekwama kwenye salamu, zile tulizofundishwa sote shuleni, kwamba barua bila salamu ni utovu wa adabu. Mwaka mzima ana adabu mpaka amekuwa bubu. Na hata huko mazoezini alikuwa anakwepa kuulizwa habari za nyumbani, kwa sababu kila anayefika pale swali la kwanza ndilo hilo.

Nililia, naye akalia, ugali ukapoa. Nilipojifuta ndipo nikafanya kitu ambacho hujanituma. Nilikuwa nazo barua zako za Novemba na Januari kwenye mkoba. Ile ya Machi sikuitoa. Nikamsomea pale pa kura, kisha mahali pale pa kona. Kipa akitoka ametoka. Hakuna kipa wa nusu safari.

Kaka, kijana akasimama! "Baba amejuaje kama nilisita?"

"Mimi nilimwambia."

"Wewe, shangazi? Wewe ulikuwa unagawa chai! Yule beki wetu wa kati alinikata njia, mimi ningefika. Hivi ndivyo mlivyomwandikia? Na wakapiga kura?"

"Tisa kwa moja."

"Nani huyo mmoja?"

"Ngonyani."

"Ngonyani!" Akacheka, kaka. Akacheka mdomo wazi, na ukitaka kujua anafanana na nani akicheka, unajua. Akaanza kunieleza ile kona kwa vyombo: chumvi ni beki, kikombe ni yeye. Nikamwambia: "Mimi simo. Kocha wako yuko Lizaboni, mweleze mwenyewe. Na salamu ukishindwa, acha."

"Niache salamu? Kwa baba?"

"Nimekuruhusu mimi shangazi yako. Akikasirika, anigombeze mimi."

Alinisindikiza kituoni, akanibebea vyombo.

Jingine: Kamande ameteguka kidole, alikibana na mlango wa gari. Jumapili ya Matawi tuna nusu fainali ya kombe la hawa wa Afrika Mashariki, na Waganda. Ameir hana kipa mwingine.

Sesilia


Kilburn
Jumatatu ya Pasaka, 1992

Kaka Thadei,

Kristo amefufuka, na Umoja wako fainali! Sikungoja jibu lako, nimeona nikuandikie kabla Rasik hajatangaza kwenye redio.

Tumeshinda mbili kwa moja. Alidaka Leonard. Alhamisi mbili zilizotangulia alikwenda mazoezini, Ameir mwenyewe kaniambia. Nitakuandikia yote, na sitampendelea, maana nimeshaonywa kwamba nagawa chai.

Goli la Waganda lilikuwa la aibu. Mpira mrefu ulipigwa kutoka kwao huko, hauna hata nguvu, ukadunda mbele yake, ukampita juu ya kichwa ukaingia taratibu. Akabaki anauangalia. Protas akaketi kwenye nyasi zenye maji. Skola akasema: "Mum, he just stood there!" Rasik akamwambia: "Mtoto, nyamaza, hiyo ni mbinu."

Kipindi cha pili tukarudisha, tukaongeza. Halafu, mwishomwisho, kona yao. Nilifumba macho, nisikudanganye. Nikasikia sauti: "YANGU!" Kaka, sauti ile ilitoka Songea moja kwa moja. Nilipofumbua macho yuko juu ya watu wote, mpira kaukumbatia, mabeki wamelala. Rasik alirusha kofia yake, hatujaiona mpaka leo. Kamande, na kidole chake kimefungwa, alikuwa wa kwanza kukimbia uwanjani kumbeba.

Tulipokula, Leonard hakukaa. Alichukua sahani moja tu, akasema ana haraka, akapanda basi. Sijui kama amekuandikia. Sijamuuliza, nilihofia nikimuuliza nitaharibu. Kama hujapata kitu, usife moyo. Fainali ni mwisho wa Mei, na Ameir anaumiza kichwa nani adake, maana kidole kinapona. Mashabiki wamegawanyika upya. Safari hii mume wangu yuko kwa Leonard na Rasik yuko kwa Kamande, usiniulize imekuwaje.

Mdogo wako,
Sesilia


Lizaboni, Songea
16 Mei 1992

Mdogo wangu Sesilia,

Salamu zangu utazipata mwisho wa barua, leo nina haraka.

Imekuja! Imekuja siku nne kabla ya yako. Kijana wa posta aliiweka juu ya rundo la spoku, akaenda zake, mimi nikadhani ni bili. Nikaona mwandiko. Nilikuwa nimeshika tairi la mteja, nikamkabidhi mteja tairi lake mwenyewe nikakaa chini.

Unajua imeanzaje? Haina shikamoo, haina natumaini, haina ama baada ya salamu. Mstari wa kwanza, nakunakilia: "Baba, usimsikilize shangazi."

Kurasa sita, Sesilia. Ameichora ile kona ya Oktoba, beki ameandikwa jina, na mshale. Halafu goli la Waganda. Anasema jua lilimwingia machoni. Nikaisoma sehemu hiyo kibarazani, watu wakaanguka. Ngonyani akauliza, tangu lini London ikawa na jua la kumpofusha kipa? Mtu asiyejua mpira akaja kununua mnyororo, akakuta wanaume wazima wanafuta machozi, akadhani tumepata msiba.

Kurasa tano hizo zote ni mpira. Ya sita sikuisoma kwa sauti. Anasema alipodaka ile kona ya mwisho, aliangalia pembeni ya uwanja akimtafuta mama yake na khanga. Anasema alijua hayupo, ila macho yalikwenda yenyewe. Halafu akaniuliza kaburi liko upande gani na tumepanda nini. Nimelia mbele ya wateja na sikujificha. Siku ileile nikamjibu. Nimemweleza alivyozikwa, nani alikuwepo, nani aliimba, udongo nilirusha mara mbili, yangu na yake. Nimemweleza na ule msalaba uliogeukia njiani. Nami sikuanza kwa salamu. Nilianza: "Hilo goli la Waganda ni kosa lako, jua usilisingizie."

Sasa kuhusu fainali. Kibaraza kimekaa tena, na wote wanataka Leonard, pamoja na Ngonyani, ambaye sasa anadai alikuwa naye tangu mwanzo. Mimi nimepiga kura peke yangu upande wa pili. Mwambie Ameir kura ya Mzee Thadei imehama. Kidole cha huyo kijana wa Nakuru kikipona, adake yeye. Leonard akae benchi, avae kofia yake, auangalie mchezo wote vizuri tangu dakika ya kwanza, aje aniandikie.

Najua barua hii ikikufikia fainali itakuwa imeshachezwa. Usinieleze matokeo. Nitasoma kwake.

Nisalimie Protas, Skola, na Rasik pamoja na kofia yake ikipatikana.

Kaka yako,
Thadei